Aliyengoja Dawa

Wachumi Edward Miguel na Michael Kremer walizigawa shule 75 za Busia, Kenya, katika mafungu matatu. Fungu la kwanza lilianza kupewa dawa za minyoo mwaka 1998. La tatu lilingoja hadi 2001. Makala yao ya 2004 yalionyesha kwamba utoro ulipungua kwa robo. Nawasifu kwa kukiri kuwa alama za mitihani hazikupanda. Lakini nina ugomvi nao. Wanasema uwezo haukutosha kuwatibu wote kwa mara moja, nakubali. Hata hivyo, mtoto aliyengoja ndiye aliyewapa kipimo, naye katika majedwali amebaki nambari tu. Elimu ile ilinunuliwa kwa subira yake, na subira ya mgonjwa si bure.