Mallet du Pan: Kalamu Iliyoona, Tabaka Lisilosikia

Wanafunzi wengi wa siasa husoma maandishi ya waliotetea Mapinduzi ya Ufaransa ya 1789, na kuwapuuza waliyoyapinga. Hilo ni kosa. Kada anayejua hoja za upande wake tu hayuko tayari kwa mapambano. Ndiyo maana tunamchambua Jacques Mallet du Pan, mwandishi wa siasa aliyezaliwa karibu na Geneva mwaka 1749 na kufia uhamishoni Uingereza mwaka 1800.

Mallet hakuwa kabaila. Alikuwa mtoto wa mchungaji wa Kiprotestanti, na ujanani aliwatetea wakazi wa Geneva walionyimwa haki za uraia. Lakini huko Paris, akiongoza kurasa za siasa za gazeti la Mercure de France, aliutetea ufalme wenye mipaka. Alitaka dhuluma ipunguzwe. Hakutaka mizizi yake ing'olewe.

Mwaka 1792 Mfalme Louis XVI alimtuma kwa siri kwa watawala wa Austria na Prussia. Mallet alishauri kwamba taifa zima lisitishwe. Hakusikilizwa. Tangazo la Brunswick la Julai 25 lilitishia kuuangamiza mji wa Paris. Agosti 10 wananchi wenye silaha waliivamia kasri, na ufalme ukaanguka. Sikio la kufa halisikii dawa.

Katika kitabu chake cha 1793 juu ya tabia ya Mapinduzi hayo, Mallet aliona jambo ambalo makabaila waliokimbia nchi hawakutaka kuliona: ugomvi ulikwisha vuka suala la katiba ukafikia suala la mali. Hapo ndipo penye nguvu ya kitabu. Udhaifu wake ni kwamba wasio na mali anawatazama kama hatari ya kuzuiwa, si kama watu wenye madai ya haki.

Hata hivyo hakuwa kibaraka. Mwaka 1797 alifukuzwa Bern kwa kukemea vitendo vya Bonaparte nchini Italia. Akaenda London, akaanzisha Mercure britannique, na kuandika karibu hadi kufa.

Sisi tunaupinga msimamo wake. Lakini tabaka lake liliangamia likimwona mleta ukweli kuwa msumbufu. Tujiulize basi, ndugu makada: katika vikao vyetu, anayeleta taarifa chungu tunampokeaje? Chama kinachoogopa kujikosoa kimeanza kuwaiga makabaila wale.