Kupanda Ukingo wa Mombo Ndani ya Kivuli cha Mlima

Ukingo wa Usambara unaoutazama mji wa Mombo humchosha mpandaji mapema, angali kwenye vichaka vya chini, kabla hajagusa mwamba wowote. Mji uko mita 400 na ushei juu ya usawa wa bahari, na joto lake la Januari ni la nyika kavu. Kila unapopanda mita 1,000, hewa hupoa kwa nyuzi 6 hivi. Kwa hiyo saa ya kwanza, mwili ukiwa haujapata moto wa safari, hupitia kwenye hewa nzito kuliko zote. Mimi na mwenzangu, mzaliwa wa Soni huko juu mlimani, tuliipanga siku nzima kwa kulifuata jambo hilo moja.

Mlima uko mashariki ya mji. Jua huchomoza nyuma yake, na uso unaoitazama Mombo hubaki kivulini muda mrefu huku bonde likianza kung'aa. Alasiri jua huupiga uso huohuo moja kwa moja, na mawe hushikilia joto hadi jioni. Tuliondoka saa kumi na moja alfajiri, kwa tochi, kila mtu na lita 3 za maji.

Mwaka 1892 Mskoti William Naismith alitoa kanuni inayotumika hadi leo: saa 1 kwa kila kilomita 5 hivi, ongeza saa 1 kwa kila mita 600 za kupanda. Kwa njia yetu ya kilomita 6 na mwinuko wa mita 800, jibu ni saa mbili na nusu. Lakini hiyo ni hesabu ya nchi ya baridi. Sisi tuliizidisha mara mbili, na naamini mtu wa Mombo asikubali pungufu ya hapo. Mwendo tuliuiga kwa akina mama wanaoshusha mboga na matunda sokoni: hatua fupi, mteremko ukikatwa kwa kukingama, bila kusimama ovyo.

Sehemu ya kuparamia ni fupi, lakini ndiyo inayodai akili. Miamba ya Usambara ni naisi, mawe ya kale yaliyopikwa ardhini yakatoka na matabaka. Pale matabaka yanapolala kuelekea ndani ya mlima, kingo zake huwa ngazi nzuri. Yakielekea nje, unakanyaga bamba linaloteleza, hasa lenye kuvu au changarawe. Kanuni yetu ilikuwa viungo vitatu mwambani, kimoja tu kikisogea. Kabla ya kulitegemea jiwe, mwenzangu aliligonga kwa kiganja. Likitoa mlio wa utupu, aliliacha. Majani hayashikwi kabisa. Miguu ndiyo ibebe uzito, mikono ilinde usawa wa mwili tu.

Hapa ndipo umuhimu wa kuwa wawili unapoonekana. Alipopanda yeye, mimi nilisimama pembeni, nje ya mstari ambao jiwe lingeporomokea. Alipofika penye nafasi ya kusimama imara, alinielekeza pa kuweka mguu, maana kutoka juu aliona nisichokiona. Wawili wanaopanda kwa pamoja, mmoja chini ya visigino vya mwingine, wanajitafutia hatari bure.

Nyuma ya ukingo iko Vuga, yaliyokuwa makao ya watawala wa Usambara wa ukoo wa Kilindi. Ukiutazama mteremko kutoka juu, unaelewa faida waliyoipata dhidi ya mtu yeyote aliyetoka nyikani.

Kushuka kwa njia ileile alasiri ungekuwa uamuzi mbovu: jua usoni, magoti yamechoka, na kwenye mwamba anayeshuka haoni anapokanyaga. Tulipita mashambani hadi Soni, tukapanda gari la abiria kwenye barabara ya Lushoto–Mombo, ile ya kilomita 33 hivi.

Atakayejaribu Januari au Februari, aombe njia kwa wenye mashamba na amchukue kijana wa hapo amwongoze. Saa tatu asubuhi ikikukuta bado hujaufikia mwamba, rudi Mombo, ujipange siku nyingine.