Plau Kabla ya Mvua

Kuanzia Oktoba, mvua zikiwa bado hazijafika nyanda za juu za Ufipa, watu wa kijiji cha Kate huanza kuzikumbuka plau zao. Nyingi zimelala nje tangu msimu uliopita, tope limezigandia. Chuma hakishiki kutu kwa maji peke yake wala kwa hewa peke yake. Vyote viwili vinatakiwa, na tope hutunza unyevu ubavuni mwa chuma kwa muda mrefu. Tope likiwa na mabaki ya mbolea ya dukani, ambayo mara nyingi ni chumvi, kutu huenda kasi zaidi.

Fundi ninayemtazama hagusi rangi kwanza. Nati zimegoma. Anazidondoshea mafuta ya taa, anayaacha yapenye, anakwenda kuwasha mkaa. Akirudi, zinafunguka bila kuvunjwa.

Halafu anakwangua. Tope anakwangua kwa kipande cha bati nene. Magamba ya kutu anayagonga kwa nyundo ndogo, kwa mapigo mepesi, yaanguke bila chuma kubonyea. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, ndiyo maana hujiinua magamba magamba, na kila gamba likiinuka maji hupata njia ya kwenda chini zaidi. Baada ya nyundo ni brashi ya waya. Baada ya brashi, msasa. Anapitisha kidole gumba kwenye vishimo, anainamisha chuma kwenye mwanga, anaona wekundu kidogo, anaanza upya. Kazi hii haionekani plau ikishamalizika, na wengi huiruka kwa haraka ya kupaka. Yeye haruki. Rangi ikikaa juu ya kutu, kutu huendelea chini yake mpaka rangi ibambuke.

Kutu hii ina undugu na historia ya hapa. Mawe ya chuma ambayo Wafipa waliyayeyusha yalikuwa chuma kilichoshikana na oksijeni, kama ilivyo kutu yenyewe. Katika malungu, tanuri za udongo zilizozidi kimo cha mtu, hewa ilijivuta yenyewe kupitia matundu ya chini, na moto wa makaa ukaitenga ile oksijeni. Kilichopatikana kilisafishwa tena katika vintengwe, tanuri ndogo za mvukuto, ndipo kikapashwa moto tena na kufuliwa majembe. Waliotaka jembe moja walipitia mioto mitatu. Chuma kikiachwa kwenye unyevu hurudi kulekule kilikotolewa, na hakimsubiri mtu.

Sasa ulimi wa plau unaingia motoni. Mvukuto unapuliza taratibu, chuma kinakuwa chekundu, fundi anakishika kwa koleo na kukinyoosha ncha juu ya fuawe. Akimaliza anakiacha kipoe mpaka wekundu utoweke kabisa. Anadondosha tone la maji: linachemka na kukauka. Hapo anachukua kitambaa chenye mafuta kidogo ya alizeti, zao la huku, anapaka utando mwembamba sana. Moshi unapanda, chuma kinageuka cheusi. Anapaka tena, mwembamba vilevile. Mafuta yakizidi hunata. Yakiwa machache juu ya joto hukauka na kuwa ngozi ngumu inayozuia maji.

Fremu na mikono ya plau anavipaka rangi mara mbili, tabaka la kwanza likiwa limekauka. Ulimi haupaki, kwa sababu rangi ingekwisha kwenye mtaro wa kwanza. Ukiwa kazini, ardhi yenyewe huung'arisha. Hatari yake ni siku za kupumzika. Kupima huko, kwamba kila sehemu ipewe kinga inayolingana na kazi yake, ndiko kunakonifanya nimheshimu.

Anaiunganisha plau tena, anapaka grisi kwenye nyuzi za bolti, anamgeukia mwenye mali.

"Mzee, siku ukimaliza kulima, iondoe udongo siku hiyohiyo. Ipake oili chafu, uiweke juu ya mbao, isiguse chini."

Mzee anaijaribu nati moja kwa vidole. Inazunguka.