Moto wa Ukingo au Fataki ya Pindo? Uhakiki wa Istilahi za Bunduki Ndogo ya Shabaha

Utangulizi

Mwaka uliopita tulikuwa Paje, kusini-mashariki mwa Unguja, kwa kazi ya kukusanya maneno ya kilimo cha mwani. Kazi yenyewe ilikuwa imekwisha tulipoketi barazani kwa mzee mmoja aliyekuwa msasi katika ujana wake, nasi tukaoneshwa kijitabu kinachoeleza jinsi ya kuchagua, kutunza na kufurahia bunduki ndogo ya shabaha. Kijitabu hicho kimefasiriwa kutoka Kiingereza. Kilitolewa pamoja na bunduki ambayo mpwa wa mzee huyo aliinunua kwa leseni huko Bara, alikokuwa akilima.

Hatutamtaja aliyekifasiri wala aliyekichapa. Nia yetu si kumsuta mtu, bali kupima maneno. Hata hivyo, yafaa msomaji ajue tangu mwanzo kwa nini tumeona kijitabu kidogo namna hii kinastahili nafasi katika kurasa hizi. Mpwa huyo ana kovu juu ya nyusi yake ya kulia, na kovu hilo lilitokana na tafsiri ya neno moja.

Yaliyofanywa vizuri

Uhakiki wa haki huanza na sifa. Mfasiri amefanya vyema kulitumia neno kasiba kwa bomba la bunduki ipitiamo risasi, neno ambalo vijana wengi wameliacha. Ameita komeo kile chuma kinachosukumwa na kuzungushwa ili kuifunga bunduki nyuma, na kila mwenye mlango ataelewa papo hapo. Aidha, ile michoro inayozunguka ndani ya kasiba ameiita mifuo, na kueleza kwamba mifuo hiyo huizungusha risasi kama pia ili isiyumbe njiani. Maelezo hayo ni mafupi, ni ya kweli, nayo yamesemwa kwa Kiswahili.

Kama kijitabu chote kingeandikwa hivyo, tusingekuwa na la kusema.

Moto wa ukingo

Kasoro ya kwanza imo katika jina la bunduki yenyewe. Mfasiri ameiita "bunduki ya moto wa ukingo". Amechukua maneno mawili ya Kiingereza, akayageuza moja moja, akayaunga. Tulimwuliza mzee anaelewa nini akisikia jina hilo. Alijibu, "Wanangu, mimi naona moto unatoka mdomoni mwa kasiba." Tukamwuliza mpwa wake. Yeye alidhani ni onyo kwamba mkono usikae ukingoni. Jina linalowapa wasomaji wawili maana mbili, na zote mbili si zake, halijatimiza kazi ya istilahi.

Hapa hatuna budi kukumbusha kwamba Waswahili hawakungoja vitabu ili kuzipa bunduki majina. Katika karne ya 19 Zanzibar ilikuwa soko kubwa la silaha zilizopelekwa Bara, na watu wa pwani walizipambanua kwa namna moto unavyoifikia baruti. Iliyowashwa kwa utambi iliitwa bunduki ya mrao. Iliyotoa cheche kwa jiwe iliitwa gumegume. Iliyofuata ikawa bunduki ya fataki, na ile iliyopakiwa kwa nyuma ikawa bunduki ya viasi, kila kiasi kikiwa ni ganda, baruti, fataki na risasi vilivyokwisha kuunganishwa. Huo ni utaratibu kamili wa istilahi, uliotungwa na watu ambao hawakukaa katika kamati yoyote.

Bunduki tunayoizungumzia inaingia katika utaratibu huo bila taabu. Ilianzia Ufaransa mwaka 1845, Flobert alipotengeneza kiasi kidogo kisicho na fataki ya peke yake. Mwaka 1857 Smith & Wesson wa Marekani wakatoa kiasi cha namna hiyo kwa bastola, na mwaka 1887 kikatokea kile kinachotumika hadi leo duniani kote, chenye risasi ya kipenyo cha karibu milimita 5.6 na uzito wa karibu gramu 2.6. Katika viasi vya namna nyingine fataki hukaa katikati ya kitako cha ganda. Katika hiki, dawa ya fataki imo ndani ya kitako kilichokunjwa pande zote, na nyundo ya bunduki huipiga mahali popote pa mkunjo huo.

Tulipokuwa tukiyaeleza hayo kwa mchoro, mke wa mzee alikuwa kando yetu akifunga taitai kwenye kamba za mwani. Alitazama mchoro, akasema, "Basi si pindo hilo? Kama mtu alofunga senti zake katika pindo la kanga." Kisha akaendelea na kamba zake.

Nasi tunaona kwamba neno limepatikana. Ukingo ni mwisho wa kitu, na ganda lina miisho miwili. Pindo ni mwisho uliokunjwa, wenye nafasi ya kuficha kitu ndani. Msomaji akiambiwa fataki ya pindo, anapewa jina na maelezo kwa pamoja. Atafahamu kwa nini shaba ya ganda ni nyembamba, maana isingekuwa nyembamba nyundo isingeweza kulibonyeza pindo. Atafahamu kwa nini kiasi hiki hakihimili nguvu kubwa, na kwa nini ganda lake halijazwi mara ya pili. Atafahamu pia kwamba dawa ikikosekana sehemu moja ya pindo, kiasi kitakataa kulipuka kikipigwa hapo. Mambo hayo yote yamo katika neno moja, nalo halikuombwa kwa mtu.

Usahihi upi?

Kasoro ya pili inamgusa zaidi mnunuzi. Katika sura ya kuchagua bunduki, mfasiri ametumia neno usahihi kwa mambo mawili yasiyofanana. Mara ni sifa ya bunduki inayozipeleka risasi zake zote mahali pamoja. Mara ni sifa ya bunduki inayopiga pale ilipolengwa. Msomaji asiyejua tofauti hiyo atapoteza fedha zake, na mpwa wa mzee alizipoteza. Viasi alivyonunua vilitawanya risasi. Yeye akakaa mwezi mzima akikaza na kulegeza skrubu za shabaha, kwa kuwa kijitabu kilimwambia kwamba skrubu hizo "huongeza usahihi".

Skrubu huhamisha mahali risasi zinapoangukia. Haziwezi kuzisogeza risasi zilizotawanyika zikae pamoja. Jambo hilo la pili hutegemea kasiba, wepesi na ulaini wa kifyatulio, jinsi kitako kinavyolikaa bega la mpigaji, na zaidi ya yote viasi vyenyewe. Kila kasiba huchagua viasi vyake. Bunduki mbili zilizotoka kiwanda kimoja siku moja zaweza kutofautiana katika viasi zinavyovipenda. Kwa hiyo mpigaji makini hununua viasi vya namna kadhaa, huiegemeza bunduki imara, hupiga risasi tano tano za kila namna kwa umbali wa mita 50, na hupima upana wa matundu. Aghalabu viasi vya mwendo wa chini kidogo ya mwendo wa sauti, ambao ni karibu mita 340 kwa sekunde, hushinda vile vya kasi. Risasi inayoanza juu ya mwendo huo hutikiswa inapopungua na kuuvuka.

Tunapendekeza mambo hayo yatenganishwe. Kukaa pamoja kwa risasi kuitwe mkusanyo, na bunduki ielezwe kwamba inakusanya au inatawanya. Kupatana kwa mlengo na mahali risasi inapopiga kuitwe ulinganifu wa shabaha, na kazi ya skrubu iwe kulinganisha. Neno shabaha lenyewe tuliachie uwanja wake mpana. Mswahili husema fulani ana shabaha, akakusudia jicho, mkono na utulivu wa mtu. Sifa hiyo hainunuliwi dukani.

Katika sura hiyohiyo tumekuta agizo la ajabu: "Nunua risasi za kura moja." Neno la Kiingereza lililofasiriwa hapa lina maana ya kura, na pia maana ya vitu vilivyotengenezwa kwa pamoja. Mfasiri ameshika ile isiyohusika. Viasi vilivyotengenezwa kwa pamoja vina dawa, baruti na risasi za namna moja, na ndiyo maana mpigaji akishapata vinavyokusanya hununua vingi vyenye nambari ileile. Tuna neno zuri mkononi, nalo ni mkupuo: viasi vya mkupuo mmoja.

Mchezo mdogo

Kasoro ya tatu ingechekesha, lau isingegusa uhai wa wanyama. Kijitabu kinasema bunduki hii inafaa "kuwindia mchezo mdogo". Neno la Kiingereza lina maana ya mchezo, na pia ya wanyama wa kuwindwa. Kiswahili kinasema mawindo. Lakini hata mawindo madogo hayatoshi kwa msomaji wa Unguja. Katika vichaka vya mawe kutoka Jozani hadi Muyuni na Jambiani yumo paa nunga, mnyama mdogo anayepatikana Unguja na pwani ya Kenya tu, ambaye ni haramu kumwinda. Mtu akisoma "madogo", paa atamjia akilini mapema. Risasi ya gramu mbili na nusu humjeruhi mnyama wa kimo hicho akakimbilia pangoni, akafia humo bila faida kwa yeyote. Mzee alikumbuka usasi wa miaka ya 1960, wa mbwa, nyavu na mikuki, akasema kwamba hata wakati huo msasi aliyemwacha mnyama na jeraha aliona haya kurudi kijijini. Mfasiri alipaswa kutaja kanga na kwale kwa majina, na kusema kwamba kibali hutangulia bunduki.

Vivyo hivyo, kijitabu kinarudiarudia kuiita bunduki hii "ndogo", lakini hakisemi mahali popote kwamba risasi yake yaweza kwenda zaidi ya kilomita moja. Paje imebanwa baina ya vichaka na bahari. Wanawake wamo majini kwenye mwani, wageni wamo ufukweni na tiara zao, na ardhi ni mawe yanayorusha risasi upande usiotazamiwa. Udogo wa kipenyo si udogo wa hatari.

Risasi iliyokufa

Tumefika kwenye kovu. Ukurasa wa usalama unasema: "Ikiwa risasi imekufa, fungua komeo uitoe." Mpwa alivuta kifyatulio, nyundo ikagonga, pasitokee mlio. Akakumbuka agizo, akafungua komeo papo hapo. Kiasi kililipuka kikiwa nusu nje ya kasiba, na vipande vya shaba vikamrukia usoni.

Kisichoonekana katika agizo hilo ni kwamba kiasi kinachokawia na kiasi kilichokataa kabisa havitofautiani machoni mwa mpigaji. Kwa hiyo yampasa aushikilie mdomo wa kasiba upande wa salama, ahesabu angalau sekunde thelathini, ndipo afungue, uso wake ukiwa kando. Neno kufa limemwondolea subira hiyo, kwani maiti haogopwi. Mzee alituambia kwamba wasasi wa zamani walisema "bunduki imekataa". Aliyekataa aweza kukubali. Katika maneno hayo mawili onyo lote limo.

Ukurasa huohuo unakataza "kupiga pakavu". Mpwa alifahamu kwamba asipige wakati wa kiangazi. Kilichokusudiwa ni kufyatua bunduki bila kiasi ndani, jambo ambalo katika bunduki nyingi za pindo huifanya nyundo igonge ukingo wa kasiba na kuuharibu. Kufyatua tupu kungetosha.

Mapendekezo

Kwa muhtasari, tunawaletea wasomaji maneno haya wayapime:

1. Fataki ya pindo, badala ya moto wa ukingo. Na fataki ya kati kwa viasi vya namna nyingine.
2. Kiasi (wingi: viasi) kwa ganda lenye vitu vyote, risasi ibaki kuwa kile kinachoruka. Tunajua kwamba kiasi ni kipimo pia, lakini muktadha huamua.
3. Mkusanyo na ulinganifu wa shabaha, badala ya usahihi mmoja.
4. Mkupuo, badala ya kura.
5. Mawindo, badala ya mchezo.
6. Kiasi kilichokataa na kiasi kinachokawia, badala ya risasi iliyokufa.
7. Kufyatua tupu, badala ya kupiga pakavu.

Hitimisho

Yawezekana msomaji akauliza kama taifa lina haja ya istilahi za mchezo wa wachache. Tunajibu kwamba mchezo huu umo katika Olimpiki, ambako mpigaji aliye mita 50 hutafuta duara la kipenyo cha milimita 10.4, nao hufundisha utulivu wa pumzi, wa kidole na wa nafsi. Mkulima mwenye leseni na askari anayejifunza hushika chombo hichohicho. Wote hao wana haki ya kuambiwa kwa lugha yao jinsi ya kukichagua, kukifurahia na kurudi nyumbani salama.

Kijitabu hiki kilifasiriwa na mtu anayejua Kiingereza, na hapana shaka anajua Kiswahili pia. Alichokosa ni kuketi barazani kabla ya kukipeleka kiwandani. Tunawaomba wasomaji wenye maneno mengine ya usasi na shabaha, hasa wa Kusini Unguja na Pemba, watuletee, wakitaja mahali yalikosikiwa. Mpwa wa mzee amekwisha kuanza. Katika nakala yake amekata neno "imekufa" kwa kalamu, na juu yake ameandika "imekataa: ngoja".