Samadi, Biwi na Mboji: Uhakiki wa Tafsiri Moja ya Kilimo

Kijitabu tunachokihakiki hapa kinafundisha namna ya kuozesha kinyesi cha farasi nyumbani ili kitumike bustanini. Kimetafsiriwa kutoka lugha ya kigeni, na nakala niliyoisoma nilipewa na mwalimu mmoja wa Busale, wilayani Kyela, aliyeitumia kuendesha bustani ya shule. Sitataja jina la kijitabu wala la mfasiri, kwa kuwa shabaha ya makala haya si kumwumbua mtu bali kupima istilahi. Makosa yaliyomo ni makosa yetu sote tunaofasiri maandishi ya ufundi.

Haki inadai tuanze na sifa. Sentensi za mfasiri ni fupi na zinaeleweka. Vipimo vimeelezwa kwa hatua na kwa ndoo, vitu ambavyo kila nyumba inavyo. Unyevu unaotakiwa umefananishwa na nguo iliyofuliwa na kukamuliwa. Aidha, amesema “geuza” pale biwi linapotakiwa kupinduliwa ili hewa iingie. Neno hilo ni la mama anayegeuza chapati. Halihitaji maelezo, na mtu asilibadilishe kwa kutafuta neno zito zaidi.

Kasoro ya kwanza ni neno “mbolea”. Mfasiri amelitumia kwa kinyesi kinachotoka bandani, kwa lundo linalooza, na kwa kitu cheusi chenye harufu ya udongo kinachopatikana mwishoni. Msomaji anaambiwa achanganye mbolea apate mbolea. Kiswahili hakikupungukiwa hapa. Kinyesi cha mifugo pamoja na nyasi za kulalia ni samadi. Lundo ni biwi. Kilichokwisha kuoza kikaiva ni mboji. Mbolea libaki kuwa jina la jumla, linalochukua hata mbolea za viwandani. Asiyetenganisha majina haya hawezi kumweleza mkulima ni lipi la kutia kwenye miche na ni lipi la kungoja.

Kasoro ya pili ni nzito zaidi, maana imeleta hasara. Kijitabu kinaonya kwamba “mbolea moto” isitumike kabla haijapoa. Mama mmoja wa Busale, ambaye mwanawe alileta maneno hayo kutoka shuleni, aliingia katika banda la kuku, akakishika kinyesi kilichokauka, akakiona ni baridi. Akakimwaga kwenye tuta la mchicha. Baada ya siku chache miche ilikuwa imeungua kwenye ncha na kulala chini. Mama huyo hakukosea kusoma. Alitii neno kama lilivyoandikwa.

Hapa mfasiri amechanganya mambo mawili. La kwanza ni joto la biwi. Vijidudu vinapokula samadi na majani hutoa joto, na biwi lenye ukubwa wa kama mita moja kila upande huweza kufikia nyuzi 55 hadi 65 za sentigredi. Joto hilo ni jema: huua mbegu za magugu na vijidudu vingi vya maradhi. La pili ni wingi wa naitrojeni ndani ya samadi, ambao huunguza mizizi hata kama samadi yenyewe ni baridi mkononi. Wakulima wetu wana neno kwa jambo hili la pili: husema samadi ya kuku ni kali. Basi tuseme “samadi kali”, na neno “joto” tuliachie biwi. Na mahali pa “kupoa” tuseme “kuiva”, kwa maana kinyume cha samadi iliyoiva ni samadi mbichi, na hapo hakuna wa kupotea.

Tatu, kijitabu kinagawa vitu vya kuozesha kuwa “vya kahawia” na “vya kijani”, kisha kinaweka kinyesi, ambacho kwa macho ni cha kahawia, katika fungu la kijani. Rangi hizo ni mazoea ya lugha ya kwanza. Msomaji wa Kyela angeelewa mara moja kama angeambiwa “vikavu”, yaani mabua ya mpunga na majani makavu ya migomba, na “vyenye naitrojeni nyingi”, yaani samadi na majani mabichi.

Yupo atakayeuliza: kwa nini mfasiri hakuandika “ng'ombe” badala ya “farasi”? Farasi ni wachache sana nchini, kwa sehemu kubwa kwa sababu ndorobo na ugonjwa wa nagana havikuwapa nafasi, na Mnyakyusa tangu zamani ametia kinyesi cha ng'ombe migombani. Nasi twajibu kwamba kubadilisha kimyakimya kungekuwa kosa jingine. Farasi hacheui, mbegu nyingi hupita tumboni mwake zikiwa hai, na samadi yake ni kavu na hupata joto upesi. Samadi ya ng'ombe ni ya majimaji na hudai vikavu vingi zaidi. Tena, kijitabu kinasisitiza kumwagilia biwi, ilhali Kyela hupata mvua inayopita milimita 2,000 kwa mwaka. Huko hatari ni rutuba kuoshwa, na biwi lahitaji kufunikwa. Lililotakiwa ni tanbihi ya mfasiri yenye maneno matatu au manne ya namna hiyo.

Wengine husema haya ni kazi ya bwana shamba, si ya lugha. Lakini bwana shamba ana vijiji vingi. Kijitabu ndicho kinachobaki nyumbani. Wala elimu hii si ngeni kwetu. Albert Howard alipochapisha mbinu yake ya Indore mwaka 1931, mashamba ya kahawa ya Kenya na Tanganyika yalikuwa miongoni mwa yaliyoijaribu. Na Wamatengo wa Mbinga, ng'ambo ya milima ya Livingstone, walikuwa wakifukia nyasi katika ngoro zao bila kumngoja mtu kuwafundisha. Penye ujuzi pana msamiati wake.

Kwa hiyo twapendekeza samadi, samadi mbichi, samadi kali, biwi, kugeuza, kuiva na mboji vitumike kila kimoja kwa maana yake moja tu. Na kabla ya kupiga chapa, mfasiri amsomee mkulima mmoja ukurasa mmoja, kisha amwulize atafanya nini kesho asubuhi. Jibu lake ndilo litakaloonyesha kama tafsiri imefika.