"Utambuzi", "Visababishi" na "Kichaa": Uhakiki wa Istilahi za Maradhi ya Uzeeni

Rasimu moja ya tafsiri iliyofika mezani kwetu ilikuwa na kichwa "Kupungua kwa utambuzi kwa wazee na visababishi vyake kikanda". Tulimpa mwalimu mmoja mstaafu wa Kitete, mjini Tabora, aisome. Alipoimaliza alituuliza kwa nini madaktari wamepunguza kuwapima wazee. Hakukosea. Katika maandishi ya afya "utambuzi" ni kule kuugundua ugonjwa, kama katika "utambuzi wa kifua kikuu". Mfasiri alilitumia kwa maana ya uwezo wa mtu kufahamu, kukumbuka na kupambanua mambo. Neno moja limebebeshwa mizigo miwili, na msomaji akaupokea ule anaoujua.

"Kikanda" nalo limepotosha. Rasimu yaeleza kwamba asilimia 6.4 ya wazee wa Tanzania wana maradhi haya. Hesabu hiyo ilipatikana mwaka 2009 hadi 2010 katika vijiji sita vya wilaya ya Hai, Kilimanjaro, kwa watu wenye umri wa miaka 70 na zaidi. Hai si Unyanyembe.

Kosa zito zaidi ni "visababishi". Tume ya jarida la Lancet, katika taarifa yake ya 2024, ilitaja mambo 14 yawezayo kurekebishwa, miongoni mwake elimu ndogo, uziwi, shinikizo la damu, kisukari, uvutaji wa sigara na upweke. Ikakadiria kwamba karibu asilimia 45 ya maradhi haya yangeweza kuepukwa au kucheleweshwa iwapo yote yangeondolewa. Mambo hayo huongeza uwezekano tu. Mtu aweza kuwa na mengi kati yake asiugue. Bibi ambaye hakupelekwa shule, akiambiwa kwamba kutosoma ndiko "kisababishi" cha ugonjwa wake, ametiwa hatiani kwa jambo ambalo hakulichagua. "Vihatarishi", neno ambalo watumishi wa serikali wamekwisha kulizoea katika kazi za ukaguzi, latosha.

Sasa jina la ugonjwa wenyewe. "Shida ya akili" hukusanya kila kitu, tangu huzuni hadi utaahira. "Usahaulifu" ni tabia ya kila mtu, hata yetu sisi maofisa. Wala haugusi mzee aliyeanza kutowajua wanawe. Rasimu ilichagua "kichaa cha uzeeni", na mahali pengine "wazimu". Neno hili la pili limo ndani yake mzimu, nalo si neno la kuchezea katika mikoa ya magharibi, ambako vikongwe wamepata kuuawa kwa tuhuma za uchawi, baadhi yao kwa sababu tu macho yao yalikuwa mekundu kwa moshi wa jikoni. Mama atokaye usiku akapotea njia, kisha akaonekana uani kwa jirani akisema asiyoyajua, ahitaji jina ambalo bintiye aweza kulitamka mbele ya majirani hao bila kumhatarisha.

Wajapani walilikabili jambo hili. Mwaka 2004 serikali yao iliacha jina la zamani, lililokuwa na maana ya upumbavu, ikaweka "ninchisho", yaani ugonjwa wa ufahamu.

Wapo wanaotaka "demensia" liachwe hivyo hivyo. Hatulipingi katika vyeti vya daktari. Kiswahili cha Tabora kilifika na misafara ya Bagamoyo na Ujiji, hakijaogopa mgeni. Ila asili yake ya Kilatini ni kutokuwa na akili, na jamaa wa mgonjwa halimwelezi lolote.

Twapendekeza "ugonjwa wa kudhoofu ubongo" kwa maradhi, na "kupungua kwa ufahamu na kumbukumbu" kwa ile hali pana ambayo si lazima ifikie ugonjwa. Ni marefu, twakiri. Tulipomsomea yule mwalimu, alisema la kwanza angeweza kumwambia dada yake. La pili alitaka alisikie tena. Wafasiri walio na fupi zaidi watuandikie kabla rasimu haijapigwa chapa.