Kifurushi Kinachosema Kweli: Namna ya Kupima Ubora wa Programu Iliyofungwa kwa Linux

Kila kifurushi cha Linux, kiwe .deb cha Debian na Ubuntu au .rpm cha Fedora na Red Hat, hubeba tamko: ili programu hii ifanye kazi, mashine yako iwe na maktaba hizi, za matoleo haya. Wengi hawalioni tamko hilo. Huandika amri ya kusakinisha na kusubiri. Lakini ukitaka kujua kama aliyekifunga ni fundi kweli, usianze na sura ya programu wala kasi yake. Anza na tamko. Kifurushi bora hakitaji kisichohitajika wala hakifichi kinachohitajika. Sifa nyingine zote huja baada ya hiyo.

Linganisha orodha mbili

Kwa .deb, andika dpkg -I na jina la faili; kwa .rpm, rpm -qpR. Hapo utasoma tamko lenyewe. Kisha kifungue kifurushi bila kukisakinisha, na uichunguze programu iliyomo kwa readelf -d. Mistari yenye neno NEEDED hutaja maktaba ambazo programu huziita mara tu inapowashwa. Maktaba iliyomo kwenye NEEDED lakini haimo kwenye tamko itamkwamisha mtumiaji siku ya kwanza. Iliyomo kwenye tamko lakini haionekani kwenye programu inahitaji maelezo.

Watu wengi hukimbilia ldd. Amri hiyo huorodhesha ukoo mzima, yaani maktaba pamoja na maktaba za hizo maktaba, kwa hiyo haikuonyeshi ni zipi hasa programu imeziita yenyewe. Tena usiielekeze kwenye faili usiloliamini, kwa sababu inaweza kuishia kuliendesha.

Fundi wa Debian haandiki orodha ya maktaba kwa kukisia. Humwachia dpkg-shlibdeps aisome programu, aone ni funksheni zipi zimetumika, kisha aandike toleo la chini kabisa linalotosha. RPM nayo hujaza orodha yenyewe, ila hutaja faili la maktaba, kwa mfano libssl.so.3()(64bit), badala ya jina la kifurushi. Hilo lina faida kubwa: maktaba hiyo hukaa ndani ya openssl-libs kwa Fedora na libopenssl3 kwa openSUSE, na tamko linalotaja faili linakubalika pande zote mbili. Ukikuta .rpm ambayo majina ya vifurushi vya maktaba yameongezwa kwa mkono bila sababu, ishike kwa tahadhari.

Angalia pia alama za matoleo. Alama ya >= huacha nafasi ya kusonga mbele, lakini = hufunga mlango. Kifurushi kinachodai libssl3 ya toleo moja tu kitagombana na kiraka cha usalama siku kitakapotoka, na mtumiaji atalazimika kuchagua kati ya programu yake na usalama wake. Alama ya = inafaa kati ya vifurushi ndugu vilivyojengwa kutoka msimbo mmoja.

Namba ya glibc

Hapa ndipo vifurushi vingi huanguka. Programu iliyojengwa kwa toleo la zamani la glibc (maktaba ya msingi ya C) kwa kawaida huenda kwenye jipya; iliyojengwa kwa jipya haina uhakika huo kwenye la zamani. Red Hat Enterprise Linux 8 ina glibc 2.28, Debian 11 ina 2.31, Ubuntu 22.04 ina 2.35, na Debian 12 ina 2.36.

Toleo la 2.34, lililotoka mwaka 2021, ni mpaka mkali. Liliingiza libpthread ndani ya libc, na likaipa alama mpya __libc_start_main, funksheni ambayo programu ya C huanzia. Kwa hiyo hata programu ya mistari mitano, ukiijenga kwa njia ya kawaida kwenye Ubuntu 22.04, itagoma kwenye Debian 11 na kulalamika kwamba GLIBC_2.34 haipo. Haikutumia jambo lolote jipya; tatizo ni mahali ilipojengwa.

Kipimo chake ni chepesi. Endesha objdump -T juu ya programu, kisha tafuta namba kubwa kuliko zote baada ya GLIBC_. Hiyo ndiyo sakafu yake, hata kama maelezo ya kifurushi yanadai itaenda kila mahali. Fundi mzuri hujenga kwenye distro kongwe kuliko zote anazokusudia kuzihudumia. Jumuiya ya Python iliweka kanuni ya namna hiyo: kifurushi chenye alama ya manylinux2014 hakiruhusiwi kuvuka glibc 2.17, ile ya CentOS 7.

Alpine ni kesi ya peke yake, kwa kuwa hutumia musl badala ya glibc. Ukiipa programu ya glibc, itakuambia faili halipo ilhali unaliona kwa macho yako. Kinachokosekana ni kipakiaji, ld-linux-x86-64.so.2. Kwa Alpine, kifurushi kizuri ni kile kilichojengwa upya kwa musl.

Visivyoonekana

Maktaba nyingine huitwa kwa dlopen programu ikiwa tayari imewaka, hivyo hazionekani kwenye NEEDED na hakuna chombo cha kuzisoma kwa uhakika. Ni lazima mtu aujue msimbo, kisha azitaje mwenyewe: kwenye Depends kama programu haiwezi kwenda bila hizo, kwenye Recommends kama zinaongeza uwezo tu. Sehemu hii ndogo humtambulisha fundi kuliko nyingine yoyote.

Kutegemea kupita kiasi nako ni kasoro. Machi 2024, Andres Freund aligundua mlango wa siri ndani ya xz 5.6.0 na 5.6.1. OpenSSH yenyewe haiihitaji liblzma, maktaba ya xz. Baadhi ya distro, zikiwemo Debian na Fedora, zilikuwa zimeiunganisha sshd na libsystemd, na libsystemd ndiyo iliyoivuta liblzma ndani. Kila maktaba inayoongezwa ni watu wengine wa kuaminiwa.

Vilivyobebwa ndani

Wapo wanaokwepa kazi yote hii kwa kuzipakia maktaba zote ndani ya kifurushi. Heartbleed, kasoro ya OpenSSL iliyofichuliwa Aprili 2014, ilionyesha gharama yake: aliyetumia OpenSSL ya mfumo aliisasisha maktaba moja na kuwasha upya huduma zake; mwenye nakala iliyobebwa ndani alimsubiri mtengenezaji. Kubeba maktaba kunakubalika pale inapotajwa wazi, toleo lake likajulikana, na kukawa na mtu wa kuisasisha.

Mashine tupu

Kipimo cha mwisho ni mashine isiyo na chochote cha ziada. Mfungaji makini hujenga ndani ya sbuild au mock, ambamo maktaba zilizojaa kwenye kompyuta yake hazifiki. Wewe mjaribu wa nje tumia kontena jipya la kila distro inayotajwa: sakinisha, washa, sasisha mfumo, washa tena, kisha ondoa. Njia ya mwongo ni fupi, na tamko la uongo huumbuka hapo kwa dakika chache.

Kifurushi kilichovuka vipimo vyote kitumie kwa moyo mkunjufu. Chenye sakafu ya juu ya glibc lakini kinaisema wazi, kitumie pale kinapofaa. Kinachoficha maktaba au kinachofunga matoleo bila sababu kikatae, kisha mwandikie aliyekifunga na umtajie mstari wenye kasoro. Vifurushi vingi huboreshwa kwa barua za namna hiyo.